Usiandike kwamba ORC ndiyo inaanzisha, utakula sapu

Futa hiyo sentensi mdogo wangu. Hiyo ya "ORC inakuja kukaa kwenye DNA wakati wa G1 na hapo kunakili kunaanza", ifute leo leo kabla supavaiza hajaiona (ORC ni kundi la protini linaloshika DNA pale kunakili kunapoanzia, G1 ni kipindi cha seli kabla ya kunakili DNA). Umeuliza protini gani inaanzisha kunakili DNA kwenye hamira, na kama ni hamira hii hii ya maandazi, ukauliza na slaidi ziwe ngapi na siku ya presentesheni uvae nini, mimi nimekwama hapo hapo kwenye sentensi maana ndiyo iliyonipa sapu.

Na najua umeitoa wapi. Kuna desa linauzwa stationari hapa Mwanza, kopi ya kopi ya kopi, lina mchoro wa ORC halafu mshale mmoja unaenda moja kwa moja kwa polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA, katikati pana doa jeusi la mashine. Kwenye hilo doa ndiko zilikokuwa protini Cdc6, Cdt1, Mcm, Sld3, yaani habari yote! Jamaa aliyeniuzia akaniambia ukimeza hili umemaliza. Nikameza. Nikamalizwa.

Mwalimu mmoja wa paneli, mpole kabisa, kaniuliza: ORC ya hamira haibanduki kwenye DNA, iko pale mzunguko mzima wa seli, sasa mbona DNA hainakiliwi muda wote? Nikajibu labda huwa inapumzika. Ndiyo, nilisema hivyo, na tai nimevaa. Akanikumbusha kwamba Bell na Stillman waliitambua ORC mwaka 1992 na toka hapo watu wamehangaika miaka na miaka kujua kinachofuata, mimi nimeruka vyote kwa mshale mmoja. Hapo nilitamani umeme ukatike, siku hiyo TANESCO hawakuonekana.

Iko hivi. ORC inashika mahali tu, hamira ina vituo vya kuanzia kama 400 hivi kwenye kromosomu zake 16. Kwenye G1 CDK, kimeng'enya kinachoendesha mzunguko wa seli, ikiwa chini, ORC na Cdc6 na Cdt1 zinapakia pete mbili za Mcm2-7, zinaizunguka DNA zikiwa zimeangaliana, ila zimelala, hazifungui kitu. Kupakia SIYO kuwasha. Ni kama feri ya Kamanga, magari yanapanda ikiwa gatini mlango umeshushwa, ikishang'oa nanga hata uje na V8 hupandi. Kuwasha kunakuja seli ikiingia S, kipindi cha kunakili: DDK, kimeng'enya cha Cdc7 na Dbf4, inabandika fosfeti kwenye Mcm, Sld3 inapata pa kushika inaleta na Cdc45, halafu CDK ikiwa na mwenza wake Clb5 au Clb6 inabandika fosfeti kwenye Sld2 na Sld3 ili Dpb11 izikamate, GINS inaingia, na Mcm, Cdc45 na GINS kwa pamoja ndiyo helikesi inayofungua nyuzi. Mwaka 2015 maabara ya Diffley kule Uingereza walifanya yote haya nje ya seli kwa protini walizozisafisha wenyewe, na bila DDK na CDK hakuna kilichonakiliwa.

Sasa pale waliponichinjia: CDK hiyo hiyo inayowasha ndiyo inayozuia kupakia tena. Cdc6 inapelekwa kuvunjwa, Mcm ambazo hazijapakiwa zinatolewa nje ya kiini pamoja na Cdt1, na ORC yenyewe inabandikwa fosfeti. Kuna utafiti wa mwaka 2001, walilazimika kuharibu vizuizi vyote vitatu kwa mpigo ndipo wakaona seli zinanakili DNA tena kabla hazijagawanyika. Desa lina ukurasa mzima wa kazi za CDK na hili halimo, wamejaza maana ya "protini" mara mbili.

Kwa hiyo kabla hujataja protini yoyote sema kwanza CDK iko chini au iko juu. Kila slaidi, pale pembeni, andika CHINI au JUU kwa herufi kubwa, ukibanwa na swali usilolielewa anzia hapo hapo, nusu ya majibu yatakuja yenyewe.

Hamira ndiyo hiyo hiyo ya maandazi. Halafu kama hilo desa unalo, angalia jalada la nyuma kama kuna namba ya muuzaji uni-PM, buku tano yangu bado naidai.