Wimbo wanaujua, barabara hawaijui

SWALI: Nafundisha darasa la pili, watoto 84, shule iko kando ya lami. Wote wanaimba "kulia, kushoto, kulia tena" bila kukosea, na kwenye jaribio wanapata zote. Kengele ya kutoka ikilia wanachomoka getini kama kuku waliofunguliwa banda. Nifanyeje? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Mwalimu, wimbo si mbaya, ila umewapima mdomo na barabara inavukwa kwa miguu.

Anza na kusimama. Chora ukingo wa barabara uwanjani kwa jivu, waje mchakamchaka hadi kwenye mstari, vidole vya miguu visiuguse. Wakishazoea, kaa upande wa pili na andazi mkononi, umwite mmoja kwa jina. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, aliyekuwa akiongoza wimbo ndiye aliyenifikia kwanza, hata shingo hakugeuza. Rudieni mpaka andazi lishindwe.

Halafu hiyo kulia yenyewe. Wengi wa umri wa miaka 7 bado wanaibahatisha. "Mkono wa kulia chakula" husaidia, ingawa mashoto watakuchanganya kidogo. Usiwaelekeze "tazama upande wa msikiti". Asubuhi ni sawa, lakini mchana wakirudi, magari ya karibu nao yanatokea upande mwingine. Tunaanza kulia kwa kuwa magari yetu hupita kushoto. (Anayesoma akiwa Bukavu au Bujumbura augeuze wimbo, huko wanaanza kushoto.) Bodaboda nayo haina upande, kwa hiyo shingo iendelee kugeuka hata katikati ya barabara.

Sasa nendeni barabarani kweli, watoto sita sita, wewe na mwalimu mwenzako. Makundi ni 14. Mawili kwa siku, siku 7 za shule umemaliza. Ukifika pale, chuchumaa. Macho yakiwa kimo cha mtoto utaona kwamba daladala iliyosimama ni ukuta, na kichaka ambacho wewe unakichungulia kwa juu, yeye kinamziba kabisa. Akishuka kwenye daladala asivuke mbele yake wala nyuma yake. Asogee pembeni, asubiri iondoke. Konda akimwambia "pita mbele, fasta", asimsikilize, na hilo lifanyieni igizo darasani maana mtoto aliyelelewa vizuri huona vigumu kumkatalia mtu mzima.

Kukadiria mwendo wa gari usimwachie mtoto. Gari la kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Lami ya upana wa mita 7 humchukua mtoto sekunde 6 hivi, na katika muda huo gari limeshakula zaidi ya mita 80. Na wangapi wanakwenda hiyo 50? Pima kwa hatua mita 150 kila upande wa kivuko, uchague alama: mwembe huku, kibanda cha chipsi kule. Likiwepo gari au pikipiki kati ya mwembe na kibanda, hatuvuki. Hesabu hiyo mtoto anaiweza.

Mtihani wake ufanye kimyakimya getini, siku ya kawaida, na daftari: alisimama? aligeuza shingo? alitembea au alikimbia? Rudia baada ya wiki mbili, na tena wakitoka likizo, maana likizo huwarudisha nyuma vibaya.

Pamoja na yote hayo, darasa la pili wasivuke barabara kuu peke yao. Mwalimu wa zamu awepo kivukoni mpaka wa mwisho apite. Barua ya kuomba matuta na alama za pundamilia iandikwe na mwalimu mkuu pamoja na kamati ya shule, iende kwa wakala wa serikali anayehusika na barabara hiyo: barabara kuu na za mkoa ni TANROADS, za mitaa na vijijini ni TARURA. Nakala mpeni mwenyekiti wa mtaa, awasaidie kufuatilia.