Intavyuu ya grini kadi ya ndoa: someni fomu zenu kwanza, maswali ya kukariri yaacheni

Mdogo wangu, nimelisoma swali lako mara mbili. Umesema umeoa Mmarekani, mnaishi huku Marekani, barua ya kuitwa intavyuu ya grini kadi (kibali cha kuishi huku kwa kudumu) imefika na zimebaki wiki tano. Mambo mawili yanakunyima usingizi: mliishi miji tofauti kwa miezi minne kwa sababu ya kazi ya mkeo, na kuna mtu amewauzia orodha ya maswali 120 mkariri nyote wawili. Nilishakaa kwenye kiti hicho na mume wangu, ambaye ni raia wa huku. Nitakueleza yetu yalivyokwenda. Ila kwanza, hiyo orodha iwekeni pembeni. Chukueni nakala za fomu mlizotuma, mkae nazo mezani, mzisome kwa sauti ukurasa kwa ukurasa.

Wengi wanakwenda wakidhani wataulizwa rangi ya mswaki wa mwenzao. Kwetu, zaidi ya nusu ya muda uliishia kwenye fomu. Tuliapishwa tukiwa tumesimama, mkono wa kulia juu, kwamba tutasema kweli. Tulipokaa, yule mama afisa wa uhamiaji akafungua I-485 yangu, fomu ya kuomba grini kadi, na kuanza mwanzo: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, anwani, niliingia nchini lini na kwa viza gani. Kila nilipojibu aliweka alama ndogo kwa kalamu nyekundu. Kisha akamgeukia mume wangu na I-130 yake, fomu aliyoniombea mimi kama mke wake. Kisha akarudi kwangu na yale maswali marefu ya ndiyo na hapana: umewahi kukamatwa na polisi, umewahi kufanya kazi bila kibali, umewahi kujitambulisha kama raia wa Marekani.

Hayo ya ndiyo na hapana msiyapite haraka. Kiingereza chake ni cha kisheria, na mtu anaweza kujibu "hapana" mfululizo bila kuelewa alichokataa. Nilikaa nayo jioni nzima, kila swali nalirudia kwa Kiswahili mpaka nilielewe. La kujidai raia ndilo zito kuliko yote. Wapo watu waliojazishwa fomu ya kujiandikisha kupiga kura walipokwenda kuchukua leseni ya udereva, wakaweka sahihi bila kusoma. Kama jambo la namna hiyo limewahi kukutokea, au uliwahi kukamatwa hata kama kesi ilifutwa, muone wakili wa uhamiaji kabla ya siku hiyo na uende na hukumu ya mahakama yenye mhuri. Na kama una amri ya kuondolewa nchini, usiende kabisa bila wakili.

Sasa nikwambie kwa nini nasisitiza fomu. I-130A, fomu ya taarifa zako inayoambatana na I-130, inakutaka uorodheshe anwani zako zote za miaka mitano. Mimi niliacha moja. Kabla ya kuolewa nilikaa kama miezi miwili na nusu kwa binamu yangu katika jimbo lingine, nikifanya kazi ya msimu. Nilipojaza fomu sikukumbuka hata kidogo, maana nililala sebuleni kwa mtu na moyoni sikupahesabu kuwa nyumbani kwangu. Siku kumi na tano kabla ya intavyuu, mume wangu alikuwa anapanga karatasi za kodi. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Huu mtaa ni wapi?" Alikuwa ameshika W-2 yangu ya mwaka ule, karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi ya mwaka. Pale kushoto chini ya jina langu palikuwa na anwani ya binamu. Ushahidi wetu wenyewe, tuliokuwa tunaupeleka kwa mikono yetu, ungetuumbua mbele ya afisa.

Usiku ule tuligombana, sitakuficha. Yeye aliona nimemficha, mimi niliona ananitilia shaka. Asubuhi tuliandika barua fupi ya nusu ukurasa: nilikaa wapi, kuanzia lini mpaka lini, na kwamba niliiacha kwa kusahau. Nikaweka sahihi na tarehe. Tulipofika kwenye kipengele cha anwani sikusubiri kuulizwa. Nilimwambia afisa kuna moja imesahaulika nikampa barua. Akaisoma, akaiongeza kwenye fomu kwa kalamu nyekundu, akaweka namba pembeni. Mwishoni aliniwekea ukurasa wa kutia sahihi kwamba masahihisho namba kadhaa mpaka kadhaa nayajua na ni ya kweli. Hazikufika dakika tatu. Jambo hilohilo angeligundua yeye mwenyewe baada ya mimi kuapa kwamba fomu ni sahihi, sidhani kama lingekwisha kirahisi vile.

Ndiyo maana miezi yenu minne hainitishi kama inavyokutisha wewe. Kipimo cha sheria ni nia mliyokuwa nayo siku mnafunga ndoa: je, mlikusudia kujenga maisha pamoja? Kuishi mbalimbali kwa sababu ya kazi peke yake hakuifanyi ndoa kuwa ya uongo. Kinachoharibu ni wanandoa wanaojifanya walikuwa nyumba moja wakati hati za mshahara zinasema vingine. Chukueni barua ya ajira ya mkeo inayoonyesha alipopangiwa, mkataba wa chumba alichopanga kule, tiketi za basi au ndege za kutembeleana, na taarifa za benki zinazoonyesha mlivyosaidiana kulipa pango la sehemu mbili. Afisa akiuliza, mwenye kazi ndiye aeleze. Sentensi tatu zinatosha. Na kama hamkuipeleka taarifa ya mabadiliko ya anwani, fomu ya AR-11, ipelekeni sasa. Asiye raia anatakiwa kuitoa ndani ya siku 10 tangu ahame.

Kuhusu ushahidi wa ndoa, usihesabu wingi wa picha. Sisi tulipeleka picha kumi na mbili tu, nyuma ya kila moja tumeandika tarehe, mahali na walio pichani. Afisa aliziangalia zote kwa muda mfupi kuliko aliotumia kwenye karatasi moja: fomu ya bima ya maisha ya kazini kwa mume wangu, iliyonitaja mimi kuwa mrithi. Aliuliza ilijazwa lini. Ilijazwa wiki mbili baada ya harusi, zamani kabla hatujatuma maombi. Karatasi zenye uzito ni zile ambazo maisha yenyewe yalizitengeneza bila kuwaza uhamiaji: mkataba wa pango wenye majina mawili, kodi ya mapato mliyojaza pamoja kama wanandoa, bima ya gari, bima ya afya, akaunti ya benki. Hiyo akaunti iwe inatumika. Iliyofunguliwa mwezi uliopita ikawekwa dola 200 zikatulia haisemi chochote. Yetu ilikuwa na malipo ya umeme, duka la vyakula, na hela ninazotuma nyumbani kila mwezi.

Kama baadhi ya vitu hamna, msitengeneze vya haraka haraka. Semeni kwa nini hamna. Jina langu halikuwemo kwenye mkataba wa nyumba ya kwanza, kwa sababu mume wangu alikuwa amepanga kabla hatujaoana na mwenye nyumba hakutaka kuandika upya mpaka mwaka uishe. Tulipeleka barua ya huyo mwenye nyumba pamoja na mkataba uliofuata wenye majina yote mawili. Iliulizwa, ikajibiwa, tukaendelea.

Nakuja kwenye jambo la kwetu ambalo mawakili wa huku huwa hawalioni. Afisa alimuuliza mume wangu, "Mama mkwe wako anaitwa nani?" Akajibu kwa kujiamini kabisa: "Mama" akaunganisha na jina la kaka yangu mkubwa. Afisa akaangalia fomu, akaniangalia mimi. Kwenye fomu kuna jina la mama la cheti cha kuzaliwa, halifanani hata herufi na alilolitaja mume. Moyo ulinienda mbio. Nikaomba ruhusa kueleza: kwetu mwanamke akishazaa anaitwa kwa jina la kifungua mimba wake, na mkwe hamtaji mama mkwe kwa jina lake la kuzaliwa, ni utovu wa adabu. Mume wangu akaongeza kwamba kwenye simu yake ameandikwa hivyohivyo, na kwamba wanaongea kila Jumapili. Afisa akatabasamu, akauliza wanaongea lugha gani. Akamwambia, "Salamu ni Kiswahili, zikiisha mke wangu anatafsiri." Kwa kumwangalia tu afisa yule, naamini jibu lile "lililokosewa" lilitusaidia kuliko kama angekuwa amelikariri jina la cheti.

Hata hivyo msiliache hivihivi. Mkeo ajue majina ya wazazi wako yaliyo kwenye hati na yale mnayoyatumia. Ajue kwamba jina lako la pili ni la baba yako na la tatu ni la babu, ili asishangae kwa nini jina lako la mwisho na la baba yako hayafanani. Na kama cheti chako cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa usajili wa Tanzania) ulikipata ukubwani, kama changu, uwe na kitu cha kukiunga mkono: cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, cheti cha kumaliza shule. Mimi niliulizwa kwa nini cheti kimetolewa nikiwa na miaka 24. Kadi ya kliniki ambayo mama aliitunza kwenye kisanduku chake miaka yote hiyo ndiyo iliyojibu. Hati yoyote isiyo ya Kiingereza iende na tafsiri yenye sahihi ya mtafsiri, akithibitisha kwamba ni kamili na kwamba anaziweza lugha zote mbili.

Maswali ya maisha yenu yatakuwepo. Sisi tuliulizwa tulivyokutana, nani alianza kuzungumzia ndoa, harusi walikuja akina nani na kwa nini wazazi wangu hawakuwepo (viza hazikutoka), nani anatangulia kuamka, wikiendi iliyopita tulifanya nini. Jibu usilolijua ni "sijui", na usilolikumbuka ni "sikumbuki". Mume wangu alisema hakumbuki tarehe tuliyokutana, anakumbuka tu kwamba theluji ilikuwa bado barabarani. Mimi tarehe ninaijua. Hakuna aliyeshangaa. Kitu kimoja tu mkatazane: asijibu mtu swali la mwenzake, wala msitazamane kutafuta jibu.

Ikitokea mkatenganishwa, kila mmoja akahojiwa chumba chake na majibu yakalinganishwa, msidhani mmeshafeli. Mahojiano ya aina hiyo watu huyaita "Stokes", kutokana na kesi ya New York ya miaka ya 1970. Hutokea afisa akiwa na mashaka anayotaka kuyaondoa, na hapo ndipo orodha za kukariri huwaumbua watu, kwa sababu wawili wanatoa sentensi moja neno kwa neno. Huyo aliyewauzia orodha, kama si wakili wala mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, hana ruhusa ya kuwapa ushauri wa kisheria, na hatakuwepo chumbani. Kama akiwashauri "kuongeza" chochote kisicho kweli, mkimbieni. Udanganyifu wa ndoa adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 5 au faini ya hadi dola 250,000 au vyote viwili, na aliyebainika nao hufungiwa maombi yake ya baadaye hata akija kuoa kwa mapenzi ya kweli.

Mengine ni mepesi. Beba pasipoti, cheti cha ndoa halisi, hati za talaka kama kuna aliyewahi kuoa au kuolewa, na barua ya mwito. Kwenye I-864, fomu ya mkeo kuahidi kukudhamini kifedha, aonyeshe kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu kwa idadi ya watu wa kaya yenu, akiwa na hati za mshahara za karibuni. Kama hafiki, tafuteni mdhamini wa pamoja mapema, si wiki ya mwisho. Kama Kiingereza chako hakijakaa sawa, nenda na mkalimani, na asiwe mkeo. Fikeni nusu saa kabla, kuna ukaguzi mlangoni.

Msitegemee jibu palepale. Sisi tulipewa karatasi inayosema uamuzi utakuja kwa posta, tukalia kwenye gari tukidhani tumekataliwa. Ulikuja baada ya siku kumi na tisa. Siku unaidhinishwa, ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2, kadi inakuwa ya masharti ya miaka 2, na mnatakiwa kupeleka I-751, fomu ya kuondoa masharti hayo, pamoja ndani ya siku 90 kabla haijaisha. Huko wanataka tena ushahidi wa maisha ya pamoja, kwa hiyo lile faili msilirudishe juu ya kabati. Letu liko droo ya jikoni, na kila barua inayokuja na majina yetu mawili inaingia humo siku hiyohiyo.

Ile barua ya kueleza miezi minne, ukishaiandika iweke hapa bila majina wala anwani. Nitaisoma nikwambie ninavyoiona.