Timu yako ya fantasi baada ya drafti: usiangalie majina tu

Mkuu, umeuliza kama timu yako ya fantasi ya kikapu cha NBA (ule mchezo wa kuchagua wachezaji halisi, takwimu zao za mechi zinakuhesabia wewe) iko fiti baada ya drafti, yaani kugawana wachezaji. Una Giannis, Gobert na Curry, na programu ya mchezo imekupa alama ya chini. Hiyo alama achana nayo kwanza, inajumlisha makadirio tu, haijui wewe unapanga kushinda vipi.

Kama ligi yenu ni ya vipengele 9 vya takwimu na mnakutana wawili wawili kila wiki, unahitaji kushinda 5 tu kumpiga mwenzako. Sasa chukua karatasi uandike pointi, ribaundi (kudaka mpira uliokosa kuingia), asisti, stili (kupora mpira), bloku (kuzuia mtupo), mitupo ya pointi tatu, asilimia ya mitupo ya kawaida, asilimia ya mitupo huru na tanova (kupoteza mpira, hapa mwenye chache ndo anashinda), halafu kila kimoja jiulize hapa nitashinda au natwanga maji kwenye kinu. Mitupo huru kwako ndo tatizo, maana asilimia inaenda na idadi, Giannis akitupa 10 akaingiza 6 na Curry akatupa 5 zote zikaingia bado ni 11 kwa 15, kama 73%, na Gobert hajaanza kupiga hapo. Mi ningeiachia kabisa hiyo mitupo huru, nikaze ribaundi, bloku na asilimia ya mitupo ya kawaida. Ila hapo Curry anakuwa hakufai sana, nguvu yake ya mitupo huru unaimwaga bure, mbadilishe na mtu wa asisti na stili.

Alafu cheki majeruhi na ratiba, kuna wiki timu inacheza mechi 4 nyingine 2, hiyo inaua watu kimya kimya.

Benchi usijali sana, wale wa mwisho utawatupa tu ndani ya wiki mbili.