Aliyetupora kihamba atakaa meza kuu siku ya upadrisho: jibu langu kwa mleta uzi

Mleta uzi, hongera na pole. Nimeyaweka pamoja kwa makusudi, maana najua yanavyokaa pamoja kifuani.

Umesema mdogo wako anapewa Daraja ya Upadre mwezi ujao, na baba yenu mdogo, aliyesogeza mpaka wa kihamba baada ya mzee wenu kufariki, amepangwa meza kuu kama mkubwa wa ukoo. Umefika mahali hutaki hata kwenda kwenye Misa. Nimesoma majibu ya wenzangu wote. Wengine wanakwambia samehe, futa madai, mwachie Mungu. Wengine wanakwambia subiri sherehe, shika maiki, mwanike. Mimi yamenikuta hayo hayo, nyumbani kwetu Kilimanjaro, na nimewahi kuwa upande wa hawa na upande wa wale. Nitasimulia ilivyokuwa.

Kwa wasio wa huku: kihamba ni shamba la nyumbani, lenye migomba na kahawa, na ndani yake ndimo wamezikwa wazee. Kwa mila ya Wachagga nyumba ya baba hubaki kwa mtoto wa kiume wa mwisho. Mpaka kati ya kihamba na kihamba ni mstari wa masale, yale majani marefu ya kijani. Isale halipandwi hovyo wala haling'olewi hovyo. Na jani hilo hilo ndilo mtu hutumia kuomba msamaha: ukimkosea mwenzako, unamtuma mzee na isale mkononi, na aliyekosewa akiletewa isale ni vigumu mno kulikataa.

Baba yetu alifariki 2004. Kitinda mimba wetu alikuwa bado seminari ndogo. Alipomaliza falsafa pale Kibosho, mwaka 2011, baba mdogo aliona sasa ni hakika kijana haoi. Akaja asubuhi moja na vijana wawili wakang'oa masale kwa urefu wa kama hatua arobaini, wakakata mibuni iliyopandwa na babu, wakapanda migomba yao. Mama alipouliza aliambiwa maneno ambayo nayakumbuka kama yamesemwa jana: "Mwanao ameachana na dunia, padre hana mtoto, kihamba atamwachia nani? Na wewe ni mwanamke, umekuja hapa kwa kuolewa."

Mama alinyamaza miaka mitatu. Alikuwa mwana-WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, kila Jumamosi yuko jumuiya, na huko jumuiya ndiko alikoambiwa kwamba Mkristo hashtaki. Wakamsomea Mathayo 5, kwamba ukileta sadaka yako madhabahuni na ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, ukapatane kwanza. Ikafika wakati mama anaona aibu kukomunika, yaani kupokea Ekaristi. Mjane aliyeporwa ndiye anaona aibu! Hilo ndilo lililoniumiza kuliko mibuni.

Aliyemtoa huko ni mdogo wangu mwenyewe, akiwa likizo, mwaka wa pili wa teolojia. Alimfungulia Biblia mezani akamwambia, mama, soma tena taratibu. Haisemi "ukikumbuka una neno juu ya ndugu yako". Inasema ndugu yako ana neno juu yako wewe. Anayeambiwa aache sadaka aende kupatana ni yule aliyekosa. Kisha akamfungulia Luka 18, yule mjane aliyekuwa akimwendea kadhi dhalimu, "Nipatie haki na adui wangu." Bwana wetu alipotaka mfano wa mtu anayesali bila kukata tamaa alimchagua mjane mwenye kesi. Na lile neno la kugeuza shavu la pili? Akamwonyesha Yohana 18. Yesu alipopigwa kofi mbele ya Kuhani Mkuu hakurudisha kofi, lakini hakunyamaza pia. Alisema, "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Anamtaka aliyempiga atoe sababu, mbele ya watu, bila kumtukana. Mama alikaa na aya hiyo siku nzima.

Mwaka 2014 alifungua shauri Baraza la Kata. Hapa nakupa mambo ya kukusaidia wewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili. Na kabla ya hapo, mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza chini ya Jaji Mwalusanya ilikwisha kuamua shauri la mama mmoja wa Kihaya, Holaria Pastory, aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, ndugu wakampinga kwa mila, mahakama ikasema mila ya kumbagua mwanamke inagongana na Katiba. Msaidizi wa kisheria alipomsimulia mama habari hiyo, mama aliuliza mara mbili, "Mwanamke wa kijijini?" Akaambiwa ndiyo, wa kijijini. Tangu hapo hakutetereka.

Angalia tu kwamba utaratibu umebadilika. Enzi zetu Baraza la Kata lilikuwa linaamua. Tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30 unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na usikae sana: ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12. Kwa ulivyoeleza lini mpaka ulisogezwa, umebakiza miaka miwili au mitatu. Wanaokwambia "subiri kwanza upadrisho upite, tutaongea" wajibu kwa upole, lakini tarehe ihesabu mwenyewe.

Mama alishinda Kata mwaka 2015. Baba mdogo akakata rufaa wilayani. Na rufaa ikiwa bado haijasikilizwa, barua ikatoka: mdogo wangu atapewa upadre Julai 2016.

Basi hapo ndipo nilipofika ulipo wewe sasa hivi.

Alhamisi kabla ya upadrisho kilikaa kikao cha ukoo. Wazee wakasema tusimwaibishe padre mpya, Askofu asije akakuta ukoo una kesi, mama afute shauri kwa heshima ya altare. Wajumbe wa kamati ya sherehe wakaunga mkono. Mimi nikasimama kwa hasira nikasema sawa, lakini baba mdogo asikanyage kwenye sherehe. Kelele zikawa nyingi. Shemasi wetu, yaani mdogo wangu mwenyewe, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, hajasema kitu. Alipoinuka alisema maneno machache sana: "Wazee wangu, msiniombe nianze upadre kwa kumwambia mjane anyamaze. Kesi iendelee. Na dada, baba mdogo ni baba yangu. Atakaa mahali pake." Akaketi. Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia baba mdogo, nakwambia ukweli. Nilitaka achague upande mmoja. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba alikuwa amechagua, tena kwa gharama kubwa kuliko yangu.

Upadrisho ulikuwa Kanisa Kuu la Kristo Mfalme, Moshi. Kama hujawahi kuhudhuria, jiandae, maana hutabaki ulivyokwenda. Shemasi anaitwa kwa jina naye anajibu "Nipo." Mlezi anatoa ushuhuda kwamba anastahili, na watu mnakubali kwa makofi na vigelegele. Anaweka mikono yake ndani ya mikono ya Askofu, anaahidi utii. Kisha analala kifudifudi chini, na kanisa zima mnaimba Litania ya Watakatifu. Mimi wakati huo nilikuwa nawaita watakatifu wote huku namtazama baba mdogo aliyekaa benchi la tatu na koti lake la suti. Halafu Askofu anamwekea mikono kichwani bila kusema neno, na mapadre wote waliopo wanafuata mmoja mmoja, kimya. Watu wale wote, na unasikia tu viatu vikisogea. Mama alipanda kupeleka kasula, lile vazi la juu la padre la kuadhimishia Misa. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, akapandisha ngazi zile bila kushikwa. Mikono ya mdogo wangu ikapakwa Krisma, mafuta matakatifu. Akapewa mkate na divai. Shangwe iliyofuata siwezi kuiandika.

Kesho yake ilikuwa Misa ya shukrani parokiani kwetu. Vijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, walijenga malango ya migomba kuanzia barabarani, wakaja kwa mama kuomba masale ya kupambia. Mama akawaambia wakate pale mpakani. Wakaenda, wakarudi, mmoja akasema, "Mama, upande ule hakuna." Mama akajibu, "Najua. Kateni huku yaliyobaki." Hakusema zaidi. Mimi nilikuwa jikoni kwenye masufuria ya machalari nikasikia yote, nikaingia ndani nikaandika karatasi. Kurasa mbili. Miaka, hatua arobaini, mibuni mingapi, maneno aliyomwambia mama. Nikaiweka kwenye mkoba. Nilipangiwa kutoa neno la shukrani kwa niaba ya familia, na hiyo ndiyo ingekuwa shukrani yangu.

Baada ya Misa padre mpya anatoa baraka ya kwanza. Watu wanapanga mstari, wanapiga magoti, anawawekea mikono, wanabusu viganja. Alianza na mama. Kumpigia magoti mtoto uliyemzaa si jambo jepesi kutazama, sote tulilia. Wakaja mashangazi, wakaja walimu wake, watoto wa Utoto Mtakatifu. Kisha nikamwona baba mdogo kwenye mstari. Alivua kofia akapiga magoti kwenye nyasi, na magoti yake mabovu. Mdogo wangu akamwekea mikono. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo. Nilitaka iwe fupi. Akamwombea muda ule ule aliomwombea kila mtu, akampa viganja abusu.

Usidhani moyo wangu ulilainika. Nililia kwa hasira. Ila nilijua karatasi ile haitasomwa. Mikono ilikuwa bado na harufu ya Krisma, na mimi ningeigeuza sherehe yake kuwa baraza, wakati baraza lenyewe lipo, lina siku yake, na mama yuko ndani yake na haki yake. Nilishukuru wageni, nikawakaribisha ndafu na mbege, nikakaa. Karatasi niliikabidhi baadaye kwa mama. Kumbukumbu zile za miaka na idadi ya mibuni zilimsaidia wilayani.

Rufaa ilitupwa Machi 2017. Ikapita miezi mingine baba mdogo hasemi na mtu. Mwaka huo mwezi wa Desemba, watu wakiwa wamerudi nyumbani kwa Noeli, mzee mmoja wa ukoo alikuja jioni na isale. Mama alilipokea kwa mikono miwili. Akalitazama, akasema, "Hili moja nimelipokea. Mwambie na yale mengine ayarudishe yalipokuwa."

Yule mzee aliguna, nadhani alitarajia isale limalize yote. Lakini mama alikuwa sahihi hata kwa mafundisho ya Kanisa. Katekisimu inadai aliyeiba arudishe, na Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, hakusema tu "nisamehe", aliahidi kurudisha mara nne. Mama alikuwa amekwisha kusamehe zamani, mimi niliyekuwa naishi naye najua, alikuwa anamtaja baba mdogo kwenye rozari kila usiku wakati kesi inaendelea. Msamaha ulikuwa wa mama kuutoa. Mpaka ulikuwa wa baba mdogo kuurudisha.

Alipanda masale mwenyewe, wiki ya kwanza ya Januari. Mibuni ya babu haikurudi, na wala fidia yake hatukuipata yote. Hatukai pamoja kama zamani. Ila alipougua, mdogo wangu ndiye aliyempaka Mafuta ya Wagonjwa, na mama alimpelekea mtori.

Kwa hiyo wewe nenda kwenye upadrisho. Usikubali kufuta madai ili meza kuu ipendeze, na kama watakushinikiza, muulize shemasi wenu mwenyewe mkiwa wawili, naamini atakushangaza. Ukisikia unataka kuandika karatasi, andika, tena uweke tarehe na vipimo, kisha uipeleke barazani Jumatatu. Kaa karibu na mama yako wakati wa Litania, ndipo atakapokuhitaji.

Niandikie hapa chini jina la ubatizo la shemasi wenu na tarehe. Kesho nina Misa ya saa kumi na mbili asubuhi, nataka kumweka kwenye nia yangu, na baba mdogo wenu pia.