Nguo hazikauki Uingereza

SWALI: Shangazi, mwanangu anasoma Leeds, Uingereza, kapanga nyumba na wenzake watatu. Nguo zake zinanuka uvundo na ukuta umeota ukungu. Mwenye nyumba anataka walipie kampuni ya usafi watakapohama. Ni sawa? Mama wa Nyegezi, Mwanza.

JIBU: Mama, pole. Sisi huku tunaanika asubuhi, jua na upepo wa ziwa vinamaliza kazi. Kule wakati wa baridi nguo zikianikwa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa, unyevu wote unahamia ukutani. Afue chache chache, azirudishe kwenye mashine zikamuliwe tena, kisha aanike dirisha likiwa wazi na mlango umefungwa. Mashuka apeleke kwenye duka la mashine za kulipia, kuna za kukaushia. Ukungu asugue kwa jiki, ila asiichanganye na siki kamwe: inatoa gesi ya sumu.

Kuhusu kampuni, tangu Juni 2019 sheria ya England inakataza kumlazimisha mpangaji alipie. Lakini wakiacha nyumba chafu kuliko walivyoikuta, amana itakatwa. Wanne wazima hao, wapangiane zamu! Na kama walipiga picha walipoingia, hasa ndani ya oveni, wazitunze.