Gari ya zamani kuchemsha ukipanda Mwandiga

Pole sana ndugu yangu, umesema Corolla yako ya 98 mjini Kigoma inatulia ila ukianza kupanda Mwandiga mshale wa joto unapaa na maji yanapungua, basi feni usiisumbue kwanza maana feni mbovu ingechemsha ukiwa umesimama. Mi naona rejeta (inayopoza maji ya injini) imeziba kutu au gesketi ya silinda hedi (kizibo cha chini ya kichwa cha injini) inaanza kwenda. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa fungua mfuniko wa rejeta (ikiwa ya moto usiguse kabisa, utaungua uso), washa uangalie, mapovu yakitoka mfululizo au oili imekuwa kama chai ya maziwa basi ni gesketi. Na fundi akikwambia toa thamostati (kilango kinachofungulia maji ya injini yakipata moto) utupe, kataa, ichemshe kwenye sufuria uone kama inafunguka.