Barua kwa mwanangu aliye Kasulu

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Tanga sote wazima.

Umeniuliza kuhusu yule mama wa Kikongo wa kambi ya Nyarugusu. Kila Jumatano anakuja kwenye kikundi chenu, anakaa mwisho wa mkeka, hasemi neno. Wakubwa wako wanataka ajazwe kwenye fomu. Unaniuliza ufanyeje azungumze.

Usimfanye lolote azungumze.

Unajua nilikuwa bibi maendeleo Handeni. Miaka ya tisini tuliwapokea watu waliokimbia vita vya Somalia vya 1991, kutoka bonde la mto Juba. Kumbe wengi ni Wazigua wenzetu! Mababu zao walipakiwa majahazini karne ya 19 wakauzwa utumwani huko, na wajukuu bado wanasema Kizigula. Bibi mmoja alishuka kwenye lori akaomba "mazi", yaani maji. Nilisikia sauti ya marehemu mama, kikombe kikanitetemeka mkononi.

Nikadhani lugha yetu moja itamfungua. Nikamuuliza ya vita, nikamuuliza ya wanawe. Nilikosea, na mpaka leo inaniuma. Kabla yangu walishamhoji watu wanne, kila mmoja na karatasi yake. Usiku ule jirani zake walimsikia akizunguka nje mpaka adhana ya alfajiri.

Nikaacha maswali. Nikawa nakwenda kusuka ukili naye, basi. Yeye anasuka bila kutazama, mimi nakosea. Siku moja akaninyang'anya ukili wangu, akaufumua wote, akasema miyaa nimeikaza mno, nianze upya. Ndiyo siku ya kwanza aliyonitazama usoni. Alikuwa amepokonywa kila kitu kwa nguvu, mwanangu, na pale palikuwa na jambo ambalo mwenye kuamua ni yeye.

Mwaka 2003 walihamishiwa makazi ya Chogo, wakapata mashamba. Ya vita alikuja kunisimulia mwenyewe huko, tukipukuchua mahindi, wala si yote. Alipofika kwa mwanawe wa pili alinyamaza, akaniomba nimsogezee gunia. Nikamsogezea.

Najua Nyarugusu si Chogo. Wale wetu walipata ardhi, baadaye wengi wakapewa uraia; hao wako hata kutoka kambini ni kwa kibali. Basi tafuta kidogo kilichopo: saa ya kukutana, nani ashike ufunguo wa sanduku la kikundi, mkeka utandikwe wapi. Waamue wao, hata wakiamua usivyopenda.

Ila ukiona yule mama hagusi chakula, au akisema amechoka kuishi, usingoje Jumatano. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake njiani.

Wiki ijayo usikae mbele na daftari. Kaa mwisho wa mkeka, upande wake. Fomu ikikuuliza amefanya nini, andika kwamba amekuja.

Mama yako